Rangi Iliyobaki kwenye Vioo vya Ngamia

Vioo vyote kumi na viwili vya sampuli vilitoka na rangi ya kahawia. Niliviweka chini ya darubini kimoja baada ya kingine, nikavirudia, kisha nikainua kichwa nikatazama mlango, kana kwamba kuna mtu amesimama pale akinicheka. Ngamia kumi na wawili, kutoka mazizi tofauti, na wote wana ugonjwa? Nimezaliwa Isiolo, na ngamia nimewaona tangu nikibebwa mgongoni. Wakiugua wote namna hiyo, wenye ngamia huwa wanajua mapema kuliko maabara.

Daktari aliingia, akainama kwenye darubini, akapiga meza kwa kiganja.

"Unaona? Si nilikuambia?"

Alikuwa ameniambia kweli. Aliniambia hata kabla hatujakata kipande cha kwanza cha nyama, na jambo hilo halikunipendeza. Alikuwa mtafiti kutoka mkoa wa kati, mtu mpole, mchapakazi, aliyekuja kwetu akiwa tayari na wazo lake: kwamba bakteria wanaowafanya wanyama watupe mimba wameenea kwa ngamia wa upande wa magharibi wa Isiolo kuliko tunavyodhani. Mtu anayetafuta kitu kwa hamu kubwa hivyo, nilijiambia, anaweza kukiona hata pale kisipokuwepo.

Maabara yetu ilikuwa ndogo, vyumba vitatu na jenereta. Kazi yangu ilikuwa kukata nyama kidogo ya tezi na makondo, iliyochukuliwa kwa ngamia walio hai, kuwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kuvibandika kwenye vioo, kisha kuvimwagia kingamwili. Kingamwili hiyo ilinunuliwa ng'ambo. Ilitoka kwa sungura: sungura hudungwa kipande kidogo cha protini ya bakteria, mwili wake hujifunza kukishika kipande hicho, na damu yake ndiyo huleta kingamwili tunayouziwa kwenye kichupa. Kwenye kioo, kingamwili inatakiwa imtafute bakteria na kumng'ang'ania. Sisi tunaongeza dawa ya rangi, na popote iliposhika panageuka kahawia. Kahawia maana yake ugonjwa upo. Lakini kingamwili haina mdomo wa kusema imeshika nini. Ikishika kitu kingine kinachofanana na ile protini, rangi itakuwa ileile.

Sikumshuku daktari peke yake. Nilimshuku pia mwenzangu wa maabara, mzee wa Kimeru aliyekuwa pale miaka mingi kabla yangu. Alikuwa na ufunguo wake wa friza. Aliandika alama za sampuli kwa mwandiko ambao ni yeye tu aliyeweza kuusoma. Kila nilipotoka kwenda kuswali adhuhuri, nilirudi nikakuta visanduku vya friza vimehamishwa, kile cha juu kimekuwa chini. Sikumuuliza. Nilianza kupiga picha za friza kwa simu kabla ya kutoka, na nikirudi nalinganisha. Picha zilithibitisha kwamba anavihamisha, na mimi nikaona hiyo inatosha kumfanya mtu mbaya.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kutotulia, na hiyo sikumwambia mtu pale kazini. Sampuli tatu kati ya zile kumi na mbili zilitoka kwa ngamia wa mjomba wangu, ndugu yake mama. Msimu ule alikuwa amewahamishia magharibi, upande wa Kipsing, kutafuta malisho, na waliochukua sampuli walimpata huko bila kujua ni nani kwangu. Nami nilipoona jina lake kwenye orodha nilinyamaza. Niliogopa kwamba nikisema nitaondolewa kwenye kazi hiyo. Nilijiambia pia kwamba kioo hakijui mjomba wa mtu.

Jioni ile ya vioo kumi na viwili nilifika nyumbani Chechelesi, nikamkuta mama anachuja maziwa aliyoletewa kutoka kwa mjomba.

"Mama, hayo uyachemshe," nilisema.

"Kwa nini? Maziwa ya ngamia nimekunywa hivi tangu utotoni."

"Yachemshe tu. Ngamia wa mjomba, wote watatu, ni wagonjwa, ni kweli. Na wewe usimwambie mtu."

Ningejua kwamba neno 'usimwambie mtu' kwa mama ni sawa na kumpa salamu za kupeleka, ningenyamaza. Kabla wiki haijaisha, mjomba alikuwa mlangoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama mtu bega badala ya uso anapokuwa na hasira.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mjomba. Karibu ndani."

Hakukaa. "Nani amekutuma kwa ngamia wangu?"

"Hakuna mtu amenituma. Ni utafiti tu. Walichukua kwa watu wengi."

"Kwa watu wengi, lakini neno limetoka juu ya mimi peke yangu. Unajua niko kwa ardhi ya nani huko? Mimi ni mgeni. Kwa kisima wananipa nafasi kwa heshima tu. Sasa jana wameniambia ngamia yangu inywe mwisho, baada ya wote. Wamesikia ni wagonjwa. Wamesikia wapi?"

Mama aliangalia chini. Nilijua neno limepita wapi: kwa mama hadi kwa mke wa mjomba, kwa mke wa mjomba hadi kwa jirani, kutoka kwa jirani hadi kisimani. Na chanzo chake kilikuwa mimi.

"Mjomba, bado hatujawa na hakika."

"Bado?" Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na hakuna hakika, na umesema?"

Aliondoka bila kunywa chai. Sikuwahi kuona mjomba akitoka kwa dada yake bila chai.

Kesho yake nilimwendea daktari nikamwambia tunahitaji peptidi ya kuzuia. Nilidhani atakataa. Aliniangalia kidogo kisha akasema tayari ameiagiza, kwa sababu jarida lolote atakalolipelekea kazi yake lingeiulizia. Jambo hilo liliniaibisha kidogo. Lakini nilirudi kwenye meza yangu nikijiuliza kama alisema ameagiza baada tu ya kusikia nimeiomba.

Peptidi ya kuzuia ni kitu rahisi ukikielewa. Kiwanda kinaunda, kwa kemia tu, bila sungura wala bakteria, kile kipande kilekile cha protini ambacho sungura alidungwa. Unaichanganya na kingamwili kabla ya kuimwaga kwenye kioo. Kingamwili inaishika peptidi, mikono yake inajaa, na ikifika kwenye kioo haina cha kumshikia bakteria. Kwa hiyo unaweka vioo viwili vya nyama ileile: kimoja na kingamwili peke yake, kingine na kingamwili iliyoshibishwa peptidi. Rangi ya kahawia ikitoweka kwenye kile cha pili, una haki ya kuamini kile cha kwanza. Rangi ikibaki, basi kingamwili ilikuwa imeng'ang'ania kitu kingine tangu mwanzo.

Kifurushi kilichelewa. Kilipofika kilikuwa kimekatwa utepe na kubandikwa mwingine, kama vifurushi vinavyokaguliwa njiani. Mzee ndiye aliyekipokea, akakifungua, akaweka kichupa kwenye friza. Yote hayo yalifanyika nikiwa msikitini, kwani ilikuwa Ijumaa. Niliporudi nilikitoa kichupa nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole changu cha mwisho. Nilikigeuza. Nilikipigapiga kwa ukucha. Ndani hapakuwa na kitu.

Nikakumbuka ile friza, visanduku vinavyohamahama, mwandiko usiosomeka. Nikakumbuka kwamba mzee alikuwa amefanya kazi na daktari miaka mingi, na kwamba matokeo yale yangewafaa wote wawili, na bila peptidi hakuna ambaye angeyapinga. Moyo wangu uliunga mambo hayo haraka mno.

"Mzee, hii chupa ni tupu."

Alikuwa anaosha vioo kwenye sinki. "Si tupu."

"Mimi naona. Hakuna kitu ndani. Ni wewe umeifungua?"

"Nimefungua boksi. Chupa sijafungua."

"Na zaidi ya mimi na wewe, ni nani mwingine ana ufunguo?"

Alifunga maji. Daktari alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, na msichana wa mapokezi alikuwa ameacha kuandika. Mzee alikausha mikono yake pole pole, kidole kwa kidole.

"Madam, unaniita mwizi?"

"Nauliza tu."

"Hapana. Hiyo si kuuliza." Alikitazama kichupa mkononi mwangu bila kukigusa. "Soma karatasi imekuja nayo. Halafu uzungushe."

Karatasi ilisema unga ni mchache sana, unaweza kuganda kwenye ukuta wa kichupa au chini ya kifuniko usionekane kwa macho, na kwamba kichupa kizungushwe kwenye mashine kabla ya kufunguliwa ili uteremke chini. Hilo nililijua. Nilifundishwa chuoni, na siku nyingine yoyote ningelifanya bila kuambiwa. Nilizungusha. Bado sikuona kitu. Nikaweka maji yaliyosafishwa, nikasubiri, na maji yale yalibaki maji. Hakuna mtu kati yetu aliyeweza kusema kama kuna peptidi ndani au tunachezea maji matupu.

"Kipimo chenyewe kitasema," daktari alisema, akarudi ofisini. Mzee alirudi kwenye sinki lake.

Nilipanga jaribio kwa uangalifu wa mtu anayetafuta ushahidi wa kumfunga mwingine. Mbali na vioo vya ngamia, niliongeza vya mbuzi mmoja ambaye tulikuwa na hakika naye: bakteria wake walikuwa wameoteshwa wakaonekana wazi, miezi kadhaa nyuma. Hesabu yangu ilikuwa hii. Ikiwa kichupa ni kitupu, rangi itabaki kwa mbuzi na kwa ngamia pia, na mzee atakuwa ameshikwa.

Nilichanganya kingamwili na peptidi, nikaacha saa moja, nikamwagia. Nikaosha, nikaweka rangi, nikaosha tena. Kisha nikakaa kwenye darubini.

Nilianza na mbuzi. Kwenye kioo chenye kingamwili peke yake, chembe zake zilikuwa zimejaa vidoadoa vya kahawia, vizuri kama picha ya kitabuni. Kwenye kioo cha pili, chenye peptidi, vidoa vilikuwa vimetoweka. Nyama ilibaki na ile rangi ya buluu ya kawaida tunayotilia kila kioo, safi.

Kichupa hakikuwa kitupu. Mzee hakuwa ameiba kitu. Nilikaa hapo kwa muda, jicho langu likiwa bado kwenye lenzi, kwa sababu alikuwa nyuma yangu na sikutaka kugeuka.

Nikaweka kioo cha ngamia. Kingamwili peke yake: kahawia. Kingamwili na peptidi: kahawia, ileile, kama vile hakuna aliyeizuia. Nikaweka cha pili, cha tatu, cha nne. Kwa ngamia wote rangi ilibaki. Peptidi iliyoiondoa kabisa kwa mbuzi haikuigusa kwa ngamia. Kingamwili yetu ilimjua bakteria kweli, lakini ndani ya mwili wa ngamia ilikuta pia kitu kingine cha ngamia mwenyewe, ikakishika. Tulichokiita ugonjwa kilikuwa ni ngamia tu.

Nilimwita daktari. Alitazama kwa muda mrefu. Hakupiga meza.

"Nani alichanganya?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Ndiyo, daktari."

Alinyoosha mgongo. "Nimesikia kitu wiki hii. Nimesikia hawa watatu ni wa mjomba wako." Aliweka kidole juu ya vioo vyenyewe. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na hukuniambia."

"Sikuona kama inabadilisha chochote."

"Inabadilisha. Sasa nikiangalia hii kazi siwezi kujua kama naona ngamia au naona familia yako."

Hakupaza sauti. Aliniomba nimpe ufunguo wangu wa friza. Alisema jaribio litarudiwa, vioo vyote vifunikwe alama, vipewe namba mpya ambazo ni yeye tu anayezijua, na atakayechanganya na kusoma ni mzee. Mimi nikae nje hadi liishe.

Nje kulikuwa na benchi la mbao chini ya dirisha la maabara. Nilikaa hapo siku tatu. Nilisikia mashine ikizunguka, maji yakifunguliwa, kiti kikisogezwa, na sikuweza kujua ni hatua gani. Nilianza kufikiria mambo ambayo mzee angeweza kufanya. Angeweza kuweka peptidi nyingi mno, au kusahau kuosha kioo kimoja. Angeweza kuandika 'rangi imetoka' pale ilipobaki, na mimi ningefukuzwa kazi kwa aibu, na hakuna ambaye angemlaumu. Mbele ya watu nilimfanya mwizi. Alikuwa na kila sababu. Nikiwa kwenye benchi lile ndipo nilipoelewa jinsi inavyokuwa mtu mwingine akishika ushahidi wako mkononi mwake na wewe huna la kufanya ila kuangalia mlango.

Siku ya pili umeme ulipotea. Nilimwona mzee kupitia dirishani akifungua friza, akitoa visanduku vya juu na kuviteremsha chini, akivipanga karibu na vipande vya barafu. Jenereta ilipowaka akavirudisha, bila kujali kipi kilikuwa juu. Sehemu ya chini ya friza ilikuwa na baridi kuliko ya juu. Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nikikipiga picha majuma yote yale. Umeme wetu hupotea mchana, na mchana mimi huwa naswali.

Siku ya tatu daktari aliniita ndani. Karatasi ya mzee ilikuwa mezani, namba zikiwa zimefunguliwa. Kwa mara ya kwanza niliusoma mwandiko wake bila shida, kwa sababu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtu mgumu wa kuelewa. Mbuzi: imetoka. Ngamia, wote kumi na wawili: imebaki.

Daktari alisugua macho. Alikuwa ameshaandika muhtasari wa kupeleka kwa wakuu wa mifugo, na rasimu yake ilikuwa pale pembeni. Aliichukua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. "Tutatafuta njia nyingine," alisema. Kisha akanirudishia ufunguo, akaongeza, "Siku nyingine uniambie mapema." Nilimshuku kwamba anataka matokeo kuliko ukweli, na huyu hapa alikuwa ameyafunga kwenye droo bila kulalamika. Hata hivyo nilitazama droo ile kila asubuhi kwa mwezi mzima, nione kama rasimu bado imo.

Mzee nilimfuata nje, alikokuwa anakula ugali wake kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Mzee, nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu."

Alitafuna hadi akamaliza. "Umeniomba msamaha hapa nyuma ya tanki. Pale ulikuwa umesema mbele ya msichana wa mapokezi."

Nikarudi ndani, nikamngoja aingie, nikasema maneno yaleyale mbele ya yule msichana na mbele ya daktari. Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Ungeweza kunimaliza," nilimwambia baadaye, tukiwa wawili.

"Na nini?"

"Na ile karatasi. Ungeandika vingine."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mara ya pili. "Madam, mimi nimeandika kile nimeona kwa kioo. Wewe ulitaka niandike nini?"

Bado nilikuwa na deni la maneno kwa mjomba. Tulichukua damu ya ngamia walewale, tukaipima kwa kipimo cha kawaida cha damu, kile ambacho kimetumika miaka mingi na ambacho hakitegemei kingamwili yetu ya sungura. Kati ya kumi na wawili, wawili walikuwa na ugonjwa kweli, ambao ile rangi ya uongo ya vioo ilikuwa imeuficha. Mmoja wao alikuwa wa mjomba, ngamia jike aliyewahi kutupa mimba.

Nilimpata kwenye soko la mifugo la Oldonyiro, siku ya mnada, vumbi likiwa limempaka nyusi. Nilimweleza yote: kwamba neno langu la kwanza lilikuwa la haraka na la uongo, kwamba ngamia wake wawili ni wazima, na kwamba huyu mmoja si mzima.

"Mara ya kwanza ulisema wote," alisema.

"Ndiyo. Nilikosea."

"Na hii mara?"

"Hii mara ni kweli, mjomba."

Alinitazama bega. "Hata ile mara ulisema ni kweli, kwa mama yako." Akaenda kwa watu wake, akaniacha nimesimama katikati ya mbuzi wa watu.

Majuma mawili baadaye alikuja maabara mwenyewe. Alivua kofia mlangoni, akatoa mfukoni chupa mbili za damu ya ngamia alizojaziwa na mhudumu wa mifugo wa huko. Moja ilifungwa uzi mwekundu, nyingine uzi mweusi. Aliziweka mezani mbele ya mzee, si mbele yangu.

"Hii ni ngamia mbili," alisema. "Ni ipi na ni ipi, sisemi. Nyinyi mniambie nani ni mgonjwa. Huyu mtoto wa dada yangu asiguse."

Mzee alizichukua kwa mikono miwili. Nilitoka mwenyewe, bila kuambiwa, nikaenda kukaa kwenye benchi. Mjomba alikuja akakaa upande wa pili wa benchi lilelile, fimbo yake katikati yetu. Baada ya muda mzee alitokea mlangoni.

"Uzi mwekundu ni mgonjwa. Mweusi ni mzima."

Mjomba alisimama. Hakusema kama ni sawa au si sawa. Alimshukuru mzee, akampa mkono, akachukua fimbo. Wiki iliyofuata mama aliambiwa na mke wa mjomba kwamba yule jike wa uzi mwekundu ametengwa na kundi, anafungwa peke yake mbali na kisima, na kwamba majirani wamekuja kumtazama wakaridhika.